Mara Arobaini na Moja

Nje ya mgahawa wa Husni, katika mtaa wa nyuma kule Shubra, lipo benchi moja ambalo mguu wake wa nne ni tofali. Mguu wenyewe ulivunjika siku Nashid aliporuka kushangilia bao ambalo mwamuzi alikuja kulikataa. Benchi hilo lina wenyewe wanne. Yupo Shehata, aitwaye Daktari, kwa sababu alikuwa bawabu wa geti la hospitali miaka tisa. Yupo Nashid mwenyewe, aitwaye Wizara, karani mstaafu aliyetunza majalada ya serikali miaka thelathini na mitatu na hadi leo hatoki nyumbani bila kalamu tatu mfukoni. Yupo Zaghlul, aitwaye Pancha, mziba matairi wa duka la pembeni, ambaye mkono mmoja hufanya kazi na mwingine hubishana. Na yupo Ami Bayumi, mchemsha chai wa kampuni ya bima kule mjini, asiye na jina la utani kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta akifanya la kuchekwa. Mpita njia akiketi hapo hafukuzwi, ila anahesabiwa kuwa amekuja kuomba ushauri.

Alhamisi hiyo, baada ya alasiri, Bayumi alifika na fungu lake la nanaa iliyobaki ofisini, kalifunga kwa karatasi, akaliweka mezani kwa ajili ya Husni kama afanyavyo kila mwisho wa wiki. Kingine alichokuwa nacho hakukiweka mezani. Kilikuwa bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa koti, inamwita Jumapili, siku ya kwanza ya kazi, saa tatu asubuhi kwenye ofisi ya mtaalamu mpya wa kampuni. Mwezi uliopita bahasha kama hiyo iliwafikia watu watatu, na wote watatu walishuka ngazi wamebeba vitu vyao kwenye boksi. Bayumi alikuwa amebakiza miaka miwili afikie kustaafu. Hata mkewe, Karima, Bayumi hakumwambia, na wala hakukusudia kumwambia mtu. Alitaka tu kuonja maneno ya wenzake kwa mbali.

— Hivi, — akaanza, akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani, — huko makazini, nyie mnaona watu wanaelemewa na nini?

Hapo alikosea. Benchi lile halijawahi kuulizwa jambo likasema halijui.

— Viti! — akasema Daktari papo hapo. — Maradhi yote ya ofisini yanaanzia makalioni. Nimeona kwa macho yangu hospitali.

— Umeona getini, — akasema Wizara.

— Getini ndiko wanakopita wote, bwana! Daktari wa ndani anawajua wa chumba chake. Mimi nimewaona wa vyumba vyote, wakiingia na wakitoka. Mtu ukimkalisha kwenye kiti cha magurudumu, damu haijui itulie wapi. Kiti kinakwenda huku, damu inakwenda kule. Wahenga si walisema, miluzi mingi humpoteza mbwa?

— Sasa miluzi na viti wapi na wapi?

— Kwani kiti kikizungushwa hakipigi mluzi?

Wizara akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeletewa jalada lisilo na namba.

— Sikilizeni. Kinachoelemea watu ni kazi isiyo na muhuri. Enzi zetu unapiga muhuri, unausikia: pa! Jambo limekwisha. Unarudi nyumbani moyo mweupe. Hawa wa leo wanabonyeza kompyuta, haitoi hata mlio. Mtu anafika kwake hajui kama kamaliza au ndiyo kwanza kaanza. Mkono unabaki unatafuta cha kupiga.

— Ndiyo maana barabarani wanapiga honi hovyo! — akadakia Pancha.

Pancha alikuwa amechutama kando ya gari la kijivu lililoinuliwa kwa jeki. Mwenye gari, mtu wa makamo mwenye shati la mikono mifupi na rundo la karatasi za mitihani kwapani, alisimama pembeni akingoja tairi lake kwa adabu ya mtu asiyeujua mtaa.

— Samahani, fundi, — akasema. — Lililotoboka ni la nyuma. Hilo ulilofungua ni la mbele.

— Najua, ustadhi. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana nimeanzia mbali. Kaa, kaa unywe kitu. Husni! Mletee mwalimu kahawa!

Mwalimu akaketi kwenye ncha ya benchi, ile ya upande wa tofali, kwani hakuna aliyemwonya. Benchi likayumba, kila mtu akakamata glasi yake, kisha mazungumzo yakaendelea.

— Kwetu wameleta mtaalamu, — akasema Bayumi. — Bi Lamis. Kasoma mbali. Kazi yake ni kututuliza. Kwanza katugawia vimpira, kila mtu kimoja. Ukikasirika, unabinya.

— Ukibinya inakuwaje?

— Kinabonyea. Ukiachia kinarudi vilevile.

— Kama mkurugenzi, — akasema Wizara.

— Halafu kukawa na kucheka. Kila Jumatano saa tano, dakika kumi, idara nzima tunasimama tunacheka. Mkuu wa idara yuko mbele anaangalia nani hacheki.

— Na asiyecheka?

— Anaandikiwa. Anaitwa aulizwe kinachomsumbua.

— Ya Rabi! — Daktari akashika kichwa. — Hapo hata mimi nacheka mpaka mbavu zitoke.

— Mwisho wamejenga chumba cha utulivu. Kina mito, kina taa ya bluu, na sauti ya bahari inatoka ukutani. Mlangoni kuna daftari: jina lako, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na sababu.

— Nani anaingia humo?

— Umm Sayed anayefagia. Na yeye anatia saini.

Wakacheka wote, hata mwalimu. Pancha akauliza, bila kutaka jibu hasa, chumba hicho walikipatia wapi nafasi.

— Palipokuwa jiko langu la chai, — akasema Bayumi. — Mimi wamenishusha chini, kule kwenye tangi la maji.

— Si mko ghorofa ya nne nyie?

— Ya nne. Lifti ni ya wateja.

Aliyasema hayo kama mtu anayesema leo kuna vumbi, na hakuna aliyetua hapo, kwa kuwa Daktari alishachukua zamu.

— Sauti ya bahari! Hawa watu wameshauriana na nani? Bahari ina chumvi. Masikio yakiisikia, mwili unaijua, damu inaita chumvi, presha inapanda. Nimeiona hospitali. Kila Agosti waliorudi kutoka Iskandaria wanajaa getini!

— Hao walikula samaki wa kuoza, Daktari.

— Na samaki anatoka wapi?

Pancha akanyanyuka, spana mkononi, uso umejaa ufunuo.

— Niacheni niseme mimi. Binadamu ni tairi. Unapakia mzigo, unapakia mzigo, siku moja msumari mdogo tu, psss! Mwajiri akiona limekaa chini anafanya nini? Anajaza upepo. Vimpira, upepo. Kucheka, upepo. Mito, upepo mtupu! Badala ya kutafuta kwanza lilipotoboka.

Kwa kweli lilikuwa neno la maana, na wote walishangaa lilivyotoka kwa mtu aliyefungua gurudumu zima.

Bayumi akaona ndiyo nafasi.

— Na kama, tuseme, kulipita karatasi za utafiti. Utafiti wa hayo hayo ya kuelemewa. Watu hawaandiki majina yao, ila jina la mtu fulani likawa limetajwa humo. Mara nyingi.

— Nyingi ngapi?

— Tuseme… arobaini na moja.

Akajuta hapo hapo. Mtu anayebuni hasemi arobaini na moja. Wizara akaweka glasi chini. Pancha akaweka spana chini.

— Ami, — akasema Pancha taratibu. — Itoe hiyo bahasha. Tangu umefika mkono wako uko kifuani, na huyu Daktari alishakaribia kukupima.

Bayumi akaitoa. Wizara akaipokea kwa mikono miwili, akavaa miwani, akasimama, kwa kuwa barua ya ofisi hawezi kuisoma ameketi.

— “Kwa Ndugu Bayumi Abdel-Gawad, Mhudumu wa Chai. Kufuatia utafiti wa shinikizo la kazi uliofanyika miongoni mwa wafanyakazi arobaini na watatu, imebainika kuwa jina lako limetajwa mara arobaini na moja. Unatakiwa kufika mbele ya ofisi hii siku ya Jumapili, saa tatu kamili asubuhi, bila kukosa.”

Akaikunja polepole.

— “Unatakiwa,” — akasema. — Hawakuandika “unaombwa”. Miaka thelathini na mitatu, sijaona “unatakiwa” ikamletea mtu heri.

— Siku za mwizi ni arobaini! — Pancha akamaka.

— Ami kaiba nini, wewe?

— Hajaiba! Ndiyo maana wamempa arobaini na moja!

— Ni nanaa, — akasema Daktari, sauti imeshuka kama ya mtu anayewapa ndugu habari mbaya. — Nanaa inatuliza. Amewatuliza mno, vichwa vikapoa, wakaanza kufikiri. Mfanyakazi akishaanza kufikiri, basi. Presha!

— Nanaa wapi! Hii ni mashine, — akasema Wizara. — Niliyaona wizarani. Kwanza analetwa mtaalamu. Mtaalamu anaandika ripoti kwamba mzee wa chai ndiye tatizo. Wiki ijayo inaletwa mashine ya kahawa, na mwenye mashine ni shemeji wa mtaalamu. Ukifuatilia sana, hata kile kimpira ni cha shemeji.

— Na bahari?

— Bahari pia ni ya shemeji!

Mabishano yakapamba moto, na Bayumi akabaki katikati yake akiwa peke yake. Kazi ilimuuma, si uongo. Lakini kuna kilichomuuma zaidi. Tangu adhuhuri alikuwa akiwapitia wale watu mmoja mmoja kichwani. Bi Inayat wa dirisha la madai, ambaye siku akiagiza kahawa bila sukari ujue kuna mteja kamtukana. Bayumi humwekea hiliki kidogo, akamsogezea kigoda, akajifanya anaosha glasi huku mama huyo akisema yake. Hatem, aliyelia mbele ya rafu ya sukari juma alilofiwa na mama. Yule wa mikataba anayekuja kunywa chai ya tatu asiyoitaka, mradi asirudi mezani kwake. Aliwatafuta wote waliokuwa na sababu ya kumwandika kwa ubaya, na hakumpata hata mmoja. Na bado walikuwa arobaini na mmoja.

— Samahanini, — akasema mwalimu.

Wakageuka. Walishamsahau.

— Swali lenyewe lilisemaje?

— Swali gani, ustadhi?

— La kwenye karatasi. Jina la mzee ni jibu. Nina miaka ishirini na sita nasahihisha mitihani, sijawahi kuweka kosa kwenye jibu kabla sijaona limeulizwa nini.

Daktari akamtazama Wizara. Wizara akamtazama Pancha. Pancha akaitazama spana.

— Ami, — akasema Wizara, — karatasi iliuliza nini?

— Sijui. Sikuisoma.

— Hukupewa?

— Nilipewa. Ila ilikuwa ya wafanyakazi.

— Na wewe ni nani?

— Mimi ni wa chai, — akasema Bayumi, kana kwamba hilo linajibu kila kitu. — Nikaifungia nanaa.

Macho ya wote yakaenda mezani. Palikuwa patupu. Yakaenda jikoni. Husni alikuwa ameinama juu ya makaa, majani ya nanaa yamo kwenye bakuli, na mkononi anapepea moto kwa karatasi.

— HUSNI!

Waliinuka wote kwa pamoja, na benchi, likiwa limebaki na mwalimu peke yake upande wa tofali, likambwaga chini na mitihani yake. Pancha akafika wa kwanza. Karatasi ilikuwa imeungua pembe moja tu. Ililowa, ikanuka nanaa na moshi, lakini ilisomeka. Wizara akaipapasa juu ya goti mpaka ikanyooka, akasimama.

— “Usiandike jina lako. Moja: unalala saa ngapi? Mbili: je, kiti chako…”

— Viti! — akasema Daktari.

— Nyamaza! “Sita: je, umewahi kuingia chumba cha utulivu? Saba…”

Wizara akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

— “Saba: kazi inapokuelemea, unakwenda kwa nani? Andika jina moja.”

Muuza maharage ya termis akapita na mkokoteni wake, akaita mara mbili.

— Arobaini na mmoja, — akasema Pancha. — Kati ya arobaini na watatu. Na wale wawili?

— Mmoja ni mkuu wa idara, — akasema Bayumi. — Anakunywa maji ya moto tu. Wa pili ni mimi.

Basi benchi likalipuka. Daktari akaapa kwa nuru ya macho yake kwamba alilijua hilo tangu mwanzo, ila hakutaka kumkatisha mtu. Pancha akambusu Bayumi kichwani, akamwachia alama ya grisi. Wizara akatangaza kwamba Jumapili atapewa ofisi yenye zulia, na Daktari akasema zulia hapana, zulia lina vumbi la kifua, apewe kile chumba chenye mito na bahari izimwe. Bayumi akacheka, akafuta macho kwa kiganja, akasema wasiisherehekee barua ya watu kabla ya siku yake, maana hata mtu mwema huweza kupewa boksi. Lakini alicheka. Bi Inayat alimwandika. Hatem alimwandika.

Mwalimu alikuwa ameshakusanya mitihani yake. Aliichukua karatasi ile, akaitazama kwa mazoea ya kazi yake, kidole kikashuka mpaka chini.

— Ya kwako uliiacha wazi, Ami, — akasema. — Namba saba. Ungeandika nani?

Daktari akafungua mdomo kwanza. Ndiyo tabia yake. Kisha akautia chai.

Miaka kumi na tisa walikuwa wameketi na mtu huyu. Bayumi ndiye aliyekwenda na Daktari kupimwa kibofu, akangoja barazani tangu alfajiri. Bayumi ndiye aliyejua kwamba mtoto wa Wizara aliyeko Kanada hajapiga simu tangu Krismasi iliyopita. Usiku ambao mke wa Pancha alirudi kwao, Pancha alilala kwenye kochi la nani? Na wao, kumhusu yeye, walijua kwamba Alhamisi huleta nanaa.

— Anakwenda kwa… — akaanza Wizara.

— Kwa Karima, — akasema Pancha.

— Karima hajui hata hii barua, — akasema Bayumi.

Wizara akatoa kalamu mojawapo ya zile tatu, ile nzuri, akaiweka mezani mbele yake.

— Andika mimi, Ami, — akasema Daktari.

— Wewe? — akasema Wizara. — Siri ukipewa saa nane, saa tisa iko getini.

— Basi aandike wewe, apigiwe muhuri!

— Mwacheni mtu aandike amtakaye, — akasema Pancha, na safari hii hakuongeza methali.

Bayumi akaitazama kalamu. Hakuigusa. Akajikuta anaisugua suruali yake juu ya magoti, taratibu, kwa viganja vyote viwili.

— Magoti, — akasema.

— Magoti yamefanya nini?

— Yananiuma. Tangu waliposhusha jiko. Ngazi ni themanini na nane, nimezihesabu. Sinia ikijaa sina mkono wa kushika ukuta. Jumanne nilikaa chini pale ghorofa ya pili, chai zikapoa zote, nikarudi kuchemsha nyingine. Hakuna aliyejua.

Magoti! Kwa Daktari neno hilo ni saa nzima ya hotuba, pamoja na mifano ya getini. Alivuta pumzi yake. Akamtazama Bayumi, akaitoa kimyakimya.

— Ehe, — akasema Wizara.

— Na Jumapili naiogopa. Hata sasa.

— Ehe.

Husni akaja na kahawa ambayo hakuna aliyeiagiza, akaiweka mbele ya Bayumi, akabaki amesimama. Mwalimu akajiegemeza upande wa tofali kwa tahadhari. Gari lake lilikuwa bado juu ya jeki, gurudumu la mbele limelala chini na la nyuma limekaa bila upepo, na Pancha, mikono yake yote miwili magotini, hakuwa na habari nalo.

— Endelea, Ami, — akasema.